Waenda Ulaya peke yako? Jihadhari na homa

Na Daktari Wetu, Nakuru

Siku hizi si ajabu kumkuta mtu wa hapa Nakuru aliyeweka akiba mwaka mzima ili akatembee Ulaya siku nne au tano, peke yake, kwa tikiti ya bei nafuu. Wala si lazima aende London au Paris. Wako wanaochagua miji mikuu isiyotajwa sana, kama vile Ljubljana huko Slovenia, mji wenye watu wapatao laki tatu hivi, ambao katikati yake hutembelewa kwa miguu.

Tembea uone, walisema wazee, nami siwapingi. Lakini anayebana fedha za safari asibane za afya. Na aendaye peke yake akumbuke kwamba akizidiwa, hana wa kumwambia, "Wewe ni mgonjwa, twende hospitali."

Kisa cha mwalimu

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikwenda Ljubljana wakati wa likizo ya Desemba. Siku kumi na mbili kabla ya kupanda ndege alikuwa Busia kwenye matanga ya shangazi yake, akalala huko usiku mbili bila chandarua. Siku ya pili ugenini alianza kutetemeka, kichwa kikamuuma na viungo vikalegea.

"Daktari, nilidhani ni baridi tu," aliniambia aliporudi. "Nilimeza vidonge vya maumivu nikajifunika blanketi."

Alilala hivyo siku nzima na usiku kucha. Asubuhi mfanyakazi wa hosteli, alipoona mgeni wake hajashuka, alikwenda kubisha mlango, akamkuta akipayukapayuka. Alipiga simu 112, nambari ya dharura inayotumika bila malipo katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Damu ilipopimwa ilikuwa na malaria. Safari ya siku nne ikageuka kuwa siku tano za kulazwa.

"Lakini mwalimu," nilimuuliza, "hukufikiria malaria?"

"Daktari, si Nakuru hatuna malaria?"

Kosa liko wapi?

Ni kweli kwamba mji wetu uko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na malaria ni haba. Lakini sisi ni watu wa kusafiri. Leo uko Kisumu, kesho Kilifi, keshokutwa Marigat, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Isitoshe, aliyekulia nyanda za juu hana kinga ya mwili kama ya aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, hivyo malaria humwangusha vibaya zaidi.

Malaria ile kali ya kwetu huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingi kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo mbu wa Busia aweza kukulaza Ljubljana. Daktari wa huko, ambaye huenda hukaa muda mrefu bila kuona mgonjwa wa malaria, aweza kudhani una mafua. Usingoje akuulize. Mwambie, "Natoka Kenya, nilikuwa mahali penye malaria, naomba damu yangu ipimwe leo." Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka sehemu hizo ichukuliwe kuwa malaria hadi vipimo vikatae.

Kabla ya kuondoka

Viza ya nchi za Schengen, ambazo Slovenia ni mojawapo tangu 2007, hutaka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Wengi hununua ya bei ya chini kabisa ili wapate viza, wala hawaisomi. Isome. Ikiwa una kisukari, pumu au shinikizo la damu, uliza kama maradhi hayo yamo. Mwalimu wetu alilipiwa na bima, la sivyo angerudi na deni.

Andika kwenye karatasi moja maradhi yako, dawa unazotumia, zisizokupatana, mahali ulipokuwa mwezi uliopita na nambari ya jamaa yako. Iweke pamoja na pasipoti. Dawa zibaki katika pakiti zake, kwenye mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwani yaweza kuganda.

Safarini

Hesabu saa zote za kukaa. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi ndani ya matatu, kisha ndege hadi mji kama Istanbul au Frankfurt, kisha ndege nyingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kusogea huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini huzidi kwa wajawazito, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi na waliopasuliwa karibuni. Simama, tembea, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, tafuta daktari mara moja.

Ukiwa huko

Usijinyime chakula ili ununue zawadi, hasa ukiwa na kisukari. Maji usinunue. Sisi tuliozoea kuyaogopa maji ya visima vya Bonde la Ufa kwa sababu ya floridi inayoharibu meno, tunaweza kunywa maji ya mfereji ya Ljubljana bila wasiwasi.

Mwisho, kila asubuhi na kila jioni mpigie simu mtu wa nyumbani. Mkubaliane kwamba usipopiga, yeye atapiga hosteli. Gharama yake ni ndogo, nayo ingemwokoa mwalimu usiku mmoja wa hatari.