Siku za Mwezi Mpevu na Ndoana ya Unyoya Mweupe

Mtu akisimama pwani ya Kalundu, karibu na mji wa Uvira, katika usiku wa giza, ataona kama mji wa pili unaowaka juu ya maji. Hizo si nyumba, bali ni taa za wavuvi. Mwanga huwavuta ndakala, nao mikeke huja kuwala hao ndakala. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Lakini kanuni haikubadilika: pasipo giza, taa haina nguvu. Kwa hiyo kila mara mbalamwezi inapojaa, taa huzimwa kwa muda wa juma moja au zaidi, nyavu huanikwa na kushonwa, na baba wa familia hulala nyumbani kwake.

Leo twataka kusema juu ya juma hilo, na juu ya chombo kidogo kinachoweza kulitumia vema, yaani ndoana.

Taa moja ya njano

Sisi tunaowafundisha watoto wa wavuvi huona mambo ambayo pengine wazazi hawayaoni. Siku moja tuliwaamuru wanafunzi wa darasa la tatu wachore kazi za baba zao. Mwana wa seremala alichora randa na meza. Mwana wa dereva alichora lori lenye magurudumu mengi kuliko yapasavyo. Mwana wa mvuvi mmoja alichora mstari mrefu wa maji, na juu yake nukta moja ya njano, basi. Tukamwuliza: “Na baba yako yuko wapi?” Akajibu: “Ndiye ile taa, Mwalimu.”

Mtoto yule hakufanya mzaha. Baba yake huondoka jua likitua, hurudi alfajiri, naye hulala mchana. Mwanawe humjua kwa harufu ya samaki na kwa amri ya kutopiga kelele. Na siku za mwezi mpevu zilipofika, wakati baba alipokuwa na nafasi, aliimaliza nafasi hiyo penye kibuyu cha kasiksi pamoja na wenzake. Hatumhukumu. Mtu aliyekesha majuma matatu juu ya maji anastahili kupumzika. Lakini mtoto naye hakungoja. Alitafuta walimu wengine.

Walimu hao walikuwa watoto wenzake. Walipata chandarua kikuukuu cha mbu, wakakishika pembe nne, wakakikokota penye mlango wa mto Mulongwe, pale samaki wachanga wanapojificha. Walitoa bakuli zima la vitoto vya samaki, vingine vidogo kuliko ukucha. Wakavitembeza mtaani, wakaviuza kwa bei ndogo. Nasi twapaswa kukiri kosa letu: mwalimu wao alikuwa mmoja wa wanunuzi. Tulivikaanga, tukavila kwa bugali, tukasifu bidii ya watoto.

Baba alipopata habari alikuja kwetu akiwa na hasira. “Mwalimu,” akasema, “nani aliyewafundisha watoto kuvua namna hii? Hao wanaowala ni samaki wangu wa mwaka ujao!” Tukamjibu: “Baba, hakuna aliyewafundisha. Ndiyo shida yenyewe.” Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza mwezi utajaa lini tena, ijapokuwa alijua kuliko sisi.

Chombo cha watu wawili

Wavu wa taa si chombo cha kumfundishia mtoto. Ni mzito, ni wa usiku, wahitaji watu wenye nguvu, nao ni mali ambayo mara nyingi mvuvi huigawana na tajiri wa mtumbwi. Ndoana ni kitu kingine. Gharama yake ni ndogo, hutumiwa mchana, na baba na mtoto wanaweza kukaa bega kwa bega, kila mmoja na mshipi wake, wakizungumza au wakinyamaza pamoja.

Tuseme jinsi baba yule alivyovitengeneza vyombo vyake, maana wengi wanaweza kufuata.

Alikata mwanzi mwembamba wa mita 3 hivi, akauanika kivulini, kwa sababu mwanzi unaokaushwa juani hupasuka. Mshipi wake ulikuwa wa nailoni, urefu sawa na mwanzi, ili mtoto aweze kumleta samaki mkononi bila kutatanika. Kwa chubwi alitumia nati ndogo ya baisikeli, na kwa boya alikata kipande cha kandambili kuukuu. Alimfundisha mwanawe kuulowesha uzi kwa mate kabla ya kukaza fundo, kwa kuwa nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika. Kisha alichukua koleo, akaubana ule mwiba mdogo wa ndoana mpaka ukalala. Mtoto akastaajabu: “Baba, samaki atatoroka!” Baba akajibu: “Wengine tutataka watoroke.”

Kwa ngege walitumia nyungunyungu na vidonge vya bugali. Lakini kwa samaki wawindao wenzao, baba alifanya jambo lililompendeza mtoto kuliko yote. Alichukua unyoya mweupe wa shingo la jogoo, akaulaza juu ya shina la ndoana, akaufunga kwa uzi wa kushonea uliopakwa nta ya mshumaa. Unyoya ulipochezwa ndani ya maji, ulimetameta kama ndakala aliyejeruhiwa. Ndoana ya namna hii haina chambo cha kuliwa, hivyo mvuvi mvivu hapati kitu. Sharti aupandishe na kuushusha mshipi, aupumzishe, kisha autikise tena, huku akifikiri kama samaki anavyofikiri. Wakati wake mzuri ni alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu.

Ufundi huu si wetu peke yetu. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata mwaka 200, aliandika juu ya watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo juu ya ndoana, ili kuwadanganya samaki waliokula wadudu wa mtoni. Huko Ulaya na Marekani kazi hiyo imekuwa mchezo mkubwa wenye fimbo na mishipi ya fedha nyingi. Hata katika Afrika ya Mashariki, mito ya baridi ya mlima Kenya na ya milima ya Aberdare ina samaki aina ya trauti, walioletwa mwanzoni mwa karne ya 20, nao huvuliwa kwa ndoana za manyoya mpaka leo. Vyombo vyao ni vya thamani, lakini asili yake ni ile ile iliyo katika banda la kuku la kila mama wa Uvira.

Kuhe wa penye mawe

Mwezi wa pili wa mafundisho hayo, baba na mwana walipiga kasia kuelekea kusini, mahali milima ya Mitumba inaposhuka karibu na maji na pwani huwa ya mawe. Asubuhi nzima hawakupata kitu. Mama alikuwa amesema waziwazi kwamba nyumbani pana bugali na sombe, ila hapana samaki, naye awatazamia wao.

Jua lilipopanda, mshipi wa mtoto ukavutwa kwa nguvu. Akapigana naye, akamleta ubavuni mwa mtumbwi: kuhe mkubwa, wa manjano, mzito kuliko samaki yeyote aliyewahi kumgusa mtoto yule. Mtoto akapaza sauti kwa furaha. Lakini baba alikuwa akitazama chini. Maji yalikuwa maangavu, na penye mchanga katikati ya mawe aliona kama wingu dogo linalotikisika, na kuhe wa pili akilizunguka wingu hilo bila kuliacha. Lile wingu lilikuwa watoto wa samaki.

Wasomaji, kuhe ni samaki wa ajabu. Katika jamaa yake kubwa, ile ya ngege na mamia ya ndugu zao, yeye ni mmoja wa wakubwa kupita wote duniani, naye hapatikani po pote ila katika ziwa Tanganyika. Dume na jike huyalinda mayai pamoja, kisha huwalinda watoto pamoja, na wachunguzi wanaamini kwamba huzaa mara moja tu maishani. Akiuma ndoana wakati huo, pengine si kwa njaa, bali ni kwa kumfukuza adui. Ukimwondoa mmoja, yule wa pili hawezi kuwazuia maadui wa pande zote.

Baba akasema: “Mwanangu, mwachie.” Mtoto akalia. Akasema kwamba mama anangoja, kwamba yeye ndiye aliyemvua, kwamba wenzake hawatasadiki. Baba hakumnyang'anya mshipi. Alimwonyesha lile wingu, akangoja. Hatimaye mtoto mwenyewe alilowesha mikono yake, akaichomoa ile ndoana isiyo na mwiba, akamwachia kuhe maji.

Jioni ile walikula bugali na sombe tupu. Mama alikasirika kidogo, na alikuwa na haki, kwa maana ndiye aliyepaswa kuwatuliza wadogo. Lakini baba alipomweleza, alisema tu: “Basi kesho leteni ngege.” Kesho yake walileta wanne. Nasi tuliyajua haya yote kwa sababu mtoto aliyasimulia darasani kwa nusu saa, na hatukuthubutu kumkatiza. Tangu siku hiyo chandarua hakikuonekana tena mikononi mwake, na wenzake wawili waliomba manyoya.

Kwa nini jambo hili si dogo

Huenda mtu atasema: “Ziwa ni kubwa, kuhe mmoja ni nini?” Ni kweli ziwa letu ni kubwa. Urefu wake ni kama kilomita 670, na kilindi chake hufikia mita 1,470. Lakini sehemu kubwa ya kilindi hicho haina hewa ya kutosha kwa samaki. Wao huishi katika tabaka la juu tu, na wengi huzaliwa na kukua karibu na pwani, hapo hapo tunapofulia, tunapooga na kukokota vyandarua. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature kwamba maji ya ziwa yamezidi joto, kwa hiyo chakula cha kilindini hakipandi juu kama zamani, na samaki hupungua. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania iliufunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana.

Joto la dunia hatuwezi kulipoza sisi wa Uvira. Sheria nazo hutungwa na wakubwa. Lakini hakuna sheria itakayoshinda chandarua mkononi mwa mtoto ambaye hakuna aliyemwambia neno. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyemtazama kuhe akirudi kwa watoto wake hahitaji askari wa kumlinda.

Maonyo machache

Wazazi watakaofuata shauri hili wasisahau hatari. Upande wa mdomo wa Ruzizi pana viboko na mamba. Msimweke mtoto penye matete wala kumsimamisha majini. Upepo wa kusini wa kiangazi ukianza kuinua mawimbi, rudini mara moja. Mvua ikinyesha milimani, ondokeni penye midomo ya mito. Twakumbuka Aprili 2020, jinsi Mulongwe ulivyofurika na kuchukua watu na nyumba. Chukueni maji ya kunywa yaliyochemshwa, maana kipindupindu ni mgeni asiyeondoka Uvira. Na kipande cha nailoni kilichokatika kisitupwe majini, kwa sababu hakiozi upesi, nacho hunasa ndege na samaki bure.

Tena, msidhani kwamba kazi hii ni ya wavulana peke yao. Mama na binti ndio wanaoanika ndakala na kuwauza. Wao hutambua mapema kuliko wote samaki wanapopungua katika kikapu. Binti aliyekaa na baba yake penye mshipi atakuwa mnunuzi asiyekubali kudanganywa, wala hatanunua vitoto vya samaki, kama sisi tulivyonunua.

Akina baba, mwezi utajaa tena kabla ya siku 30 kupita. Mkiisha kulala na kupumzika, kamateni jogoo, ng'oeni unyoya mmoja, mkamwite mtoto. Kasiksi itawangoja, mtoto hatawangoja.