Rada ya Joto Bunia: Jaketi, Mabati na Kapu la Madondo

Cheki Boulevard de Libération asubuhi mapema, kabla jua lipande. Wamotari, wale wa bodaboda, wote wa Bunia, hapa Ituri, DRC, wamepiga luku moja: jaketi nono za mtumba, na wengine wamezigeuza, zipu iko mgongoni. Mji uko juu, mita 1,200 na ushee kutoka usawa wa bahari, so baridi ya alfajiri inauma hata ka ikweta iko hapo tu chini. Kufika saa sita, jaketi imefungwa kiunoni. Ukiuliza motari, atakushow jaketi yake inatoa joto.

Maze, hapo ndio tuanze, wasee wa darasa la saba na la nane. Mimi ni mtoi wa Nyakasanza, Sheng niliiokota Kayole, Nairobi, na hii sayansi ni ya kuwasaidia kila siku, si ya mtihani pekee.

Jaketi haina nare ndani. Joto ni lako mwenyewe, mwili unalitengeneza kutoka kwa bugali na sombe ulidishi jana, na unajiweka kwa nyuzi 37 hivi. Kazi ya jaketi ni kulichelewesha lisihepe. Na kinachochelewesha zaidi si kitambaa, ni hewa iliyonaswa kwa nyuzi zake. Hewa ikitulia, joto linapita ndani yake polepole sana. Ikianza kutembea, imekubebea joto lako ikaenda. Ndio maana motari anageuza zipu nyuma: upepo usipate mlango kifuani. Na ndio maana sweta mbili nyepesi mara nyingi zinashinda moja nzito, juu kati yao kuna hewa ya bure.

Sasa shika hii moja: joto hutoka penye moto likaenda penye baridi. Halirudi nyuma lenyewe. Watu wanasema baridi imeingia keja, lakini hakuna kitu kimeingia kikiitwa baridi. Joto ndilo limetoka.

Linatokaje? Ndani ya kitu kigumu, chembe zake hazihami. Zile za moto zinatetemeka kwa nguvu, zinagonga majirani, majirani nao wanagonga wengine. Ni kama mafundi wamejipanga kwa ngazi wakipitishana tofali hadi juu: kila mtu amebaki pale pale, lakini tofali limefika. Metali zina kitu cha ziada, elektroni zinazozurura huru ndani yake, na hizo zinabeba joto kwa spidi nyingine kabisa. Mbao haina hizo.

Kuna jaribio la bure. Asubuhi gusa mlango wa mbao, alafu gusa kitasa chake cha chuma. Kitasa ni baridi zaidi, si ndio? Hapana. Vyote vimelala usiku mzima kwa keja moja, nyuzi zao ni sawa. Chuma kinanyonya joto la kidole chako haraka, mbao inanyonya pole. Ngozi yako inapima joto linavyohepa, haipimi ule mlango.

Tuweke namba. Ukipea hewa tulivu 1, mbao kavu iko kwa 5 hivi, tofali la kuchoma kama 25, chuma cha kawaida karibu 2,000, alumini 9,000. Na dhahabu, ile wasee wanachimba huko Mongbwalu, iko 12,000. Inapitisha joto kushinda sufuria ya mathe! Kwa hizo namba unaona kwa nini sufuria ni ya alumini na mwiko ni wa mbao. Mathe zetu walijua hii mambo kwa mikono kabla ya odijo yeyote kuileta ubaoni. Yule Mfaransa Joseph Fourier aliiandika kwa hesabu mwaka wa 1822: joto linapita haraka zaidi tofauti ya nyuzi ikiwa kubwa, eneo likiwa pana, na ukuta ukiwa mwembamba.

Mwembamba. Hapo sasa angalia mabati ya keja yako. Bati halifiki hata milimita moja. Mchana jua linalichoma, nalo linakumwagia joto kichwani. Usiku linatoa joto lako nje hadi angani. Keja ya udongo na nyasi ni tofauti: ukuta mnene unachelewesha, na nyasi zimejaa hewa. Sitakudanganya urudi kwa nyasi, zinavuja na zinashika moto. Lakini bati bila dari ni noma. Weka tripleksi, au hata gunia zilizoshonwa pamoja, na uache nafasi ya hewa katikati. Tofauti utaisikia siku hiyo hiyo.

Na kuna wenye hawana hata bati. Pale kambi ya Kigonze, watu waliokimbia vita Djugu wanalala chini ya bashi ya plastiki. Mtoto akilala chini hapo, udongo baridi unanyonya joto la mgongo wake usiku kucha. Blanketi ya juu haitoshi. Kadibodi, nyasi kavu au mkeka mnene chini yake ni muhimu vilevile, juu blanketi iliyolaliwa inaminywa na hewa yake inaisha. Ukipeleka msaada huko, fikiria pia cha kutandika.

Twende jikoni. Mbabula (jiko la makala) ya bati tupu inapoteza joto kwa mbavu zake, makala unanunua yanapasha uwanja. Kanairo, kutoka miaka ya 1980, wamekuwa na jiko lenye udongo wa kuchoma ndani ya bati. Udongo unazuia joto lisitoke kando, linapanda kwa sufuria.

Lakini ile inanibamba zaidi ni kapu. Bunia, juu ya mwinuko wa mji, maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100, na madondo yanachelewa kuiva. Basi loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, chemsha na maji mapya, nare kali, dakika 30. Usipunguze: madondo mekundu yana sumu inayoharibiwa na mchemko wa nguvu pekee. Funika, ingiza sufuria moto kwa kapu lenye majani makavu ya ndizi au sweta kuukuu pande zote, chini na juu. Yataendelea kujipika masaa kadhaa bila kaa hata moja. Yachemshe tena kabla ya kudishi.

Ka huna kapu, anza na chupa mbili za maji ya moto. Moja funga na gazeti na sweta, nyingine iache uchi. Omba odijo kipimajoto, soma kila baada ya dakika 10 kwa saa nzima, chora mistari miwili kwa karatasi moja. Alafu lowesha ile sweta, urudie, ucheki mstari wa chupa yenye sweta unaanguka aje hewa ikishatolewa na maji.