Mchezo Uliozaliwa katika Chama cha Treni

Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Massachusetts huko Marekani, ambacho walimwengu wamezoea kukiita MIT, waliunda chama cha watu wapendao treni za mfano, wakapata maskani katika jengo la mbao lililosimamishwa kwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili, na humo wakatandaza reli zao ndogo juu ya meza. Baada ya muda wanachama waligawanyika kwa tabia zao: palikuwa na waliopenda kupaka mabehewa rangi na kuipamba milima na vijiji vilivyopitiwa na reli, na palikuwa na wale ambao macho yao hayakutua juu ya meza hata kidogo, kwa kuwa roho zao zilikuwa chini yake, katika msitu wa nyaya na swichi za simu zilizoamrisha treni ipi ipite na ipi isubiri. Hao wa chini ya meza ndio nitakaowasimulia, maana mikononi mwao ulitengenezwa mmoja wa michezo ya kwanza ya kompyuta duniani, na vyama vya wanafunzi wanaobuni michezo hiyo leo, katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, vingali vikifuata desturi yao.

Kompyuta za zama zile zilijaza vyumba, na aghalabu mwanafunzi hakuwa na idhini ya kuzigusa: alimkabidhi mtumishi kadi zake zilizotobolewa, akaenda zake, akarudi baadaye kuchukua majibu. Bahati ya vijana hawa ilikuwa mwalimu mmoja, Jack Dennis, ambaye kabla ya kufundisha alikuwa mwanachama mwenzao, na ambaye aliwafungulia njia ya kuitumia kwa mikono yao wenyewe mashine iliyoitwa TX-0, katika saa za usiku ambazo wenye kazi rasmi walikuwa wamelala. Mwaka 1961 kampuni ya Digital Equipment ikakitunukia chuo mashine mpya, PDP-1, iliyouzwa kwa dola 120,000 hivi, yenye uwezo wa kujumlisha mara 100,000 kwa sekunde, na yenye kiwambo cha duara kilichoweza kuchora vitone vya nuru. Kumbukumbu yake yote ilikuwa maneno 4,096 ya biti 18, akali ya kitu, hata picha moja ipigwayo kwa simu ya leo isingepata humo mahali pa kukaa.

Steve Russell, Martin Graetz na Wayne Wiitanen, marafiki waliokuwa wakisoma kwa ulafi riwaya za safari za nyota, walijiuliza ni onyesho gani lingestahili mashine kama hiyo, wakaafikiana kwamba lazima liitumie nguvu yake kikamilifu, lisijirudie kwa namna ile ile mara mbili, na limshirikishe mtazamaji kwa furaha. Jawabu likawa vita vya vyombo viwili vya angani, kimoja chembamba mfano wa sindano, kingine kipana mfano wa kabari, vyenye kurushiana makombora, wachezaji wawili wakiviongoza. Kuandika programu kulimwangukia Russell, naye akachelewa, akitoa udhuru kwamba hana hesabu za pembe zilizohitajika ili chombo kigeuke. Basi mwenzake Alan Kotok akafunga safari hadi kwenye kampuni iliyoiunda mashine, akarudi na hesabu zile zimetobolewa katika utepe wa karatasi, akamwekea mbele yake. Udhuru ukakatika. Russell alitumia saa 200 hivi, na mapema mwaka 1962 vyombo vikapaa, na mchezo ukaitwa Spacewar!

Msomaji aliyepata kukaa barazani akitazama bao atalifahamu jambo ambalo wengi wanaosikia habari za michezo ya kompyuta hawalifahamu. Lile gogo lenye mashimo 32 na kete zake 64 laweza kuchongwa kwa mti wowote, hata kuchimbwa mchangani, na bao likabaki bao, kwa sababu uhai wake umo katika kanuni: lini mchezaji ananamua, lini anakula, lini nyumba yavunjwa. Mtengenezaji wa mchezo wa kompyuta ni mtunga kanuni kwanza, na uchoraji ni pambo lifuatalo. Tena kanuni zake hana budi kuziandika kwa ukamilifu usioacha neno, kwa kuwa mashine haina mzee wa barazani wa kuamua pale wachezaji wanapobishana.

Na ni katika kanuni hizo ndipo chama kilipofanya kazi yake. Mchezo wa Russell ulipoanza kuchezwa, kila aliyeuona alikuta upungufu ndani yake, na kila aliyekuta upungufu alikaa chini akautengeneza. Dan Edwards aliona kwamba vyombo vinavyozurura katika uwanda mtupu haviwapi wachezaji sababu ya hekima, akatia jua katikati ya kiwambo lenye kuvuta kila kilichokaribia. Lakini hesabu za mvutano ziliilemea mashine, ikambidi kwanza abuni namna mpya ya kuvichora vyombo kwa haraka, na hata hivyo haukupatikana wasaa wa kuyahesabia makombora, ambayo yakaendelea kupita mbele ya jua yamenyooka, kana kwamba halipo. Graetz alitaka mchezaji aliyezingirwa awe na pa kukimbilia, akatunga kanuni ya kutoweka: chombo huingia ghaibuni na kutokeza mahali pasipojulikana, ila kila kinapofanya hivyo hatari ya kulipuka chenyewe huongezeka.

Peter Samson alichukizwa na nyota. Russell alikuwa ametawanya vitone ovyo ili kujaza anga, na Samson hakuweza kustahimili mbingu ya uongo. Akafungua kalenda ya mabaharia, akachukua nyota za kweli zilizo kati ya nyuzi 22 na nusu kaskazini na nyuzi 22 na nusu kusini, akaziingiza katika programu, angavu ziking'aa kuliko hafifu, na mbingu nzima ikisogea polepole nyuma ya vita. Mkazi wa Lamu au Unguja atambue kwamba ukanda huo ndio upitao juu ya kichwa chake kila usiku.

Palibaki taabu ya viwiko. Wachezaji waliongoza vyombo kwa swichi za mashine yenyewe, wakiwa wamebanana, mmoja akikiona kiwambo vizuri kuliko mwenziwe, jambo lisilo la insafu. Kotok na Robert Saunders wakaenda katika chumba cha treni, wakaokota mbao, nyaya na swichi, wakaunda visanduku viwili vya kushikwa mkononi. Mwezi Mei mwaka ule ule chuo kilipofungua milango kwa wageni, watu walisongamana kuutazama mchezo uliokuwa umepitia mikono ya watu wasiopungua sita, ambao hapana hata mmoja aliyelipwa kwa ajili yake.

Haukuuzwa. Utepe wake ulitolewa kwa yeyote aliyeutaka, ukaenea vyuoni, na kampuni ya Digital Equipment yenyewe ikautumia kupimia mashine zake. Mwaka 1971 ilitokea michezo miwili ya kulipia kwa sarafu iliyotokana nao, mmoja ukiwekwa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Na waliotengeneza ule wa pili, Nolan Bushnell na Ted Dabney, mwaka uliofuata waliasisi kampuni ya Atari.

Chama cha leo hakihitaji mashine ya dola 120,000. Programu ya kutengenezea michezo kama Godot hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida hutosha. Wanachama hugawana kazi: huyu hutunga kanuni, yule huandika programu, wa tatu huchora, wa nne hutafuta sauti. Tangu mwaka 2009 kuna pia mkutano wa kila mwaka uitwao Global Game Jam, ambapo mada hutangazwa na vikundi duniani, kwa desturi, hupewa saa 48 kukamilisha mchezo. Nami naona somo kubwa kuliko yote hufundishwa siku ya majaribio, pale mgeni anapoketi kucheza na mtengenezaji anapotakiwa kusimama nyuma yake kimya, asieleze wala asijitetee, akitazama mahali mgeni anapokwama ili ajue penye kasoro. Na kazi ya wanafunzi yaweza kufika mbali: wanafunzi wa chuo cha DigiPen walitengeneza, mwaka 2005, mchezo mdogo wa milango ya kichawi uitwao Narbacular Drop. Kampuni ya Valve ilipouona iliwaajiri, na mwaka 2007 wazo lao likatoka upya kwa jina la Portal.

Wapo walimu waonao vyama hivi kuwa ni tafrija ya wavivu, na siwalaumu, kwa kuwa mtu apitaye dirishani huona vijana wakicheza tu. Nawasihi waingie ndani, waulize nani ametunga kanuni na nani amezirekebisha. Na yeyote miongoni mwao aliye na ufunguo wa chumba cha kompyuta kinachofungwa saa kumi na moja jioni, afanye kama Jack Dennis, awaachie vijana hao usiku.