Pesa ya Pindo la Kanga

Muuguzi anaandika kikaratasi: glavu, dripu, sindano. Hospitalini vimekwisha. Mama mkwe wa mzazi anatoka mpaka duka la dawa lililo ng'ambo ya geti, anafungua fundo kwenye pindo la kanga, analipa, anarudi mbio wodini. Tukio hili wengi wanalijua. Kisichojulikana sana ni kwamba shilingi zake nazo huhesabiwa katika takwimu za taifa.

Wataalamu wanaolinganisha nchi hujumlisha fedha zote za afya za mwaka mzima, kisha huangalia ni asilimia ngapi ya pato la taifa. Miongoni mwa nchi tajiri, Marekani haina mpinzani: mwaka 2022 ilitumia asilimia 17.3 ya pato lake, zaidi ya dola 13,000 kwa kila mkazi. Japani hutumia kama asilimia 11, na Wajapani huishi miaka kadhaa zaidi kuliko Wamarekani. Sababu kubwa ya gharama hiyo ya Marekani ni bei. Dawa ileile na upasuaji uleule hutozwa Marekani ghali kuliko kwingine, kwa hiyo asilimia kubwa si lazima iwe tiba nyingi.

Tena thamani ya asilimia hutegemea ukubwa wa chungu, yaani pato lenyewe. Pale ambapo pato la mtu mmoja ni dola 1,200 kwa mwaka, asilimia 5 ni dola 60. Humo mna chanjo, mshahara wa daktari, mafuta ya gari la wagonjwa na umeme wa chumba cha upasuaji.

Swali zito zaidi ni nani aliyelipa. Jumla ile huchanganya fedha za serikali, za bima, za wafadhili na zile za pindo la kanga. Nchi inaweza kuonekana inajali afya kumbe wanaobeba mzigo ni wagonjwa wenyewe, wengine wakiuza mbuzi au shamba. Ndiyo maana inafaa kuitenga fedha ya umma na kuipima peke yake.

Hapo pia pana mtego. Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kuipa afya angalau asilimia 15 ya bajeti zao. Bajeti si pato la taifa. Serikali ambayo bajeti yake ni sawa na asilimia 20 ya pato la taifa, hata ikitimiza ahadi hiyo, itakuwa imetumia asilimia 3 tu ya pato hilo. Na nchi nyingi hazijaifikia hata hiyo 15.

Lakini inawezekana kuwapunguzia wagonjwa mzigo: Thailand haikungoja kuwa tajiri. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa imeanzisha nchi nzima mpango ambapo mgonjwa alilipa baht 30 tu za huko kila alipokwenda kutibiwa, gharama nyingine zikitoka kwenye kodi. Kabla ya hapo, karibu theluthi ya fedha zote za afya ilitoka mifukoni mwa wananchi. Miaka kumi na tano baadaye sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi.