Ukingo wa Matofali wa Tuta la Maua

Mvua ya masika ianzapo kunyesha mwezi wa Machi katika nyanda za juu za Kenya, tuta la maua lisilo na ukingo hupotewa na udongo wake ulio bora, yaani ule wa juu uliotiwa mbolea. Mvua moja kubwa yatosha kuusomba hata njiani na kuiacha mizizi wazi. Ukingo wa matofali huzuia hasara hiyo. Lakini ukijengwa vibaya huyazuia na maji pia, maua yakaoza.

Kazi ya kwanza ni kuyachagua matofali. Tofali lililochomwa sawasawa hulia kama chuma ligongwapo na jingine. Lisiloiva hutoa sauti nzito. Mwenye shaka na alitie moja katika ndoo ya maji usiku kucha. Likimomonyoka, hayo hayafai kufukiwa ardhini, hata yakiwa ya bei ndogo namna gani.

Kisha hupigwa vigingi na kuvutwa kamba, ukachimbwa mtaro wa kina cha inchi 7, wenye upana uliozidi kidogo unene wa tofali. Chini hutiwa changarawe inchi 2, ikashindiliwa sana. Tofali la urefu wa inchi 9 likisimamishwa wima humo, inchi 5 hufukiwa na 4 huonekana. Udongo wa tuta usifikie juu ya ukingo; na ubaki chini yake kwa inchi moja.

Je, saruji itumike? Hapo ni lazima kuutazama udongo wenyewe. Udongo mweusi, kama ule wa nyanda za Athi, huvimba ukilowa na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, nao huuvunja ukingo ulioshikamanishwa. Mahali hapo matofali yapangwe bila saruji, na mchanga ujazwe katikati yake: lililoinuka hung'olewa na kurudishwa kwa muda mfupi tu. Udongo mwekundu, kama wa Kiambu, hautikisiki hivyo, na saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu 4 yafaa. Lakini upande wa mteremko, kila futi 3, pengo moja liachwe wazi ili maji yatoke. Ukingo uliokwisha kujengwa ufunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku 3 au zaidi, maana saruji ikikaushwa upesi na jua haipati nguvu.