Lisemwalo Lipo? Waulize Watu wa Garsen

Msomaji mpenzi, wazee wetu walituachia methali ambayo wengi wetu huitumia bila kuifikiria: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunaisema jirani anaposengenywa. Tunaisema binti wa fulani anaposhukiwa kuwa na mimba. Tunaisema kwa kicheko, kisha tunaendelea na chai yetu. Lakini kuna mahali hapa nchini ambapo methali hiyo haichekeshi hata kidogo. Huko jambo halikuwapo, likasemwa, likasemwa tena, mwishowe likaja kweli. Nalo lilipokuja, lilikuja na mapanga na bunduki.

Mahali penyewe ni delta ya Mto Tana, na mji wake mashuhuri ni Garsen, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Malindi, karibu na pale barabara ya Lamu inapoachana na ya Garissa. Nimeuchagua mji huu kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya namna binadamu wanavyowasiliana, na sijui mahali pengine pa kufundisha somo hilo kuliko hapa.

Wanaosomea mambo haya vyuoni hufunzwa kwamba pana mtu anayetuma ujumbe, pana ujumbe wenyewe, pana njia unayopitia na pana anayeupokea. Hapo wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Kumbe bado. Mawasiliano hayajatimia mpaka jibu limrudie yule aliyetuma, ajue ameeleweka vipi. Hicho kipande cha mwisho ndicho tunachokisahau, majumbani mwetu kama vile vijijini.

NZURI ISIYO NZURI

Hebu tuanze na salamu. Shuka kwenye basi hapo Garsen asubuhi uingie sokoni. Utamkuta Mpokomo aliyeleta ndizi na maembe kutoka shamba lake la kando ya mto, Muorma aliyeleta mbuzi au maziwa, Mmijikenda na Msomali wakiwa na bidhaa zao. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ukikisikia mara ya kwanza utadhani unafahamu, kisha baada ya sentensi mbili upotee. Kiorma nacho ni cha ukoo wa Kioromo, sawa na lugha ya Waborana na ya mamilioni ya watu kule Ethiopia. Hapo sokoni wote hukutana katika Kiswahili, na kabla ya bei kutajwa huulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua.

Mtu wa Nairobi mwenye haraka zake huona huko ni kupoteza wakati. Tena huona watu hawa si wakweli, maana jibu ni "nzuri" hata kwa aliyefiwa jana. "Nzuri, ila tumempoteza mzee." Lakini kazi ya salamu si kubeba habari. Kazi yake ni kufungua mlango ili habari ipite, na kumpima mwenzako kama leo bado ni mwenzako. Katika lugha za Kioromo neno nagaa, yaani amani, husikika sana katika salamu. Hilo si pambo. Watu wawili wanaotegemea mto mmoja lazima wahakikishiane jambo hilo kila siku.

Na wewe, baba, unayeamka asubuhi, ukavaa viatu na kutoka bila kumsemesha mtu, ukadai hukuwa na la kusema? Ulikuwa nalo, na walilisikia.

Maana mdomo ni njia moja tu. Mchungaji wa Tana hupiga mluzi na ng'ombe wakageuka. Mama wa pwani humjibu mke mwenza bila kufungua kinywa. Huingia dukani, akachagua leso yenye jina linalofaa, akapita nayo mbele ya mlango wa mwenzake mara mbili tatu. Asiyejua kusoma ataona maua. Aliyekusudiwa hatalala. Mafumbo ya leso ni matamu, lakini nina shaka nayo kama njia ya kutatua ugomvi, kwa sababu hayamruhusu anayesemwa kuuliza, "Una maana gani?" Akiuliza, ataambiwa hiyo ni leso tu.

Hapo tumekwishafika kwenye mitindo ya watu. Yupo anayefoka. Yupo anayenyamaza na kumeza mpaka siku apasuke. Yupo wa mafumbo, huyu wa leso. Na yupo adimu kuliko wote, anayesema jambo lake waziwazi bila kumvunjia mwenzake heshima, kisha akangoja jibu.

Wapokomo walikuwa na chombo kikubwa cha kuwasiliana kuliko leso na mluzi, nacho ni ngoma takatifu iitwayo ngadji. Sauti yake ilikuwa wito na ilikuwa amri, na ufalme wao uliegemea hapo. Mwaka 1902 maafisa wa kikoloni Waingereza waliichukua, na tangu 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Ukoo wa wafalme wa Wapokomo umekuwa ukiomba irudishwe. Sauti nyingine ya mto huo lakini ilisafiri na kubaki kwetu. Mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano ilipotafuta wimbo wa taifa, ilichukua lahani ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo aliyoitoa Mzee Meza Galana. Kwa hivyo kila unaposimama wima, mikono ubavuni, unaimba lahani iliyotungwa kwa mtoto ambaye hajui neno hata moja. Na mtoto alielewa, akalala.

NG'OMBE WATANO

Sasa tuje kwenye jambo zito. Kiangazi kinapokaza, mfugaji wa Tana hana budi kuufikia mto, na njia anazopitishia mifugo kwenda majini huitwa malka. Mkulima naye hana shamba kwingine ila ukingoni, kwa kuwa huko ndiko kwenye udongo wenye rutuba unaoachwa na mafuriko. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi, pana ugomvi. Ng'ombe akikatwa panga, pana ugomvi mkubwa zaidi. Zamani magomvi hayo yaliketiwa na wazee, Wapokomo kwa baraza lao la gasa na Waorma kwa lao la matadeda, wakazungumza mpaka fidia ikapatikana.

Mwaka 2012 mazungumzo yalishindwa. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako maafisa 9 wa polisi walikuwa miongoni mwa waliokufa. Rais Mwai Kibaki akatangaza kafyu. Hata hivyo, siku chache kabla ya Krismasi damu ikamwagika tena, kijijini Kipao. Waliouawa kwa jumla walipita 100, na maelfu walihama makwao.

Sisemi kwamba uvumi ndio uliowaua watu hao. Palikuwa na ardhi, palikuwa na maji, palikuwa na siasa za uchaguzi wa Machi 2013, na palikuwa na bunduki. Ila mambo hayo yote yalikuwapo na mwaka wa kabla yake. Uvumi ndio upepo uliopita juu ya makaa hayo.

Tazama unavyofanya kazi. Tuseme jioni moja mtu ameona ng'ombe watano karibu na shamba. Anampigia shemeji yake wa kijiji cha pili. Shemeji, katika giza na kwa hofu, anasikia kwamba wenye ng'ombe watano wako karibu na shamba. Kijiji cha tatu kinapata habari kwamba watu watano wameonekana, na cha nne kwamba ni hamsini na wamebeba silaha. Wanaume wa huko wanawaondoa wake na watoto, wanashika mapanga na kukesha. Wanajilinda tu. Mchungaji wa upande wa pili anapita mbali, anaona kijiji hakina watoto na wanaume wamekusanyika na mapanga. Naye anapiga simu nyumbani kusema alichokiona kwa macho yake.

Kagua mnyororo huo, msomaji. Hakuna aliyesema uongo! Kila mmoja aliwapenda watu wake, akawaonya upesi. Kosa ni kwamba katika wote waliopokea, hakuna aliyerudi nyuma na kuuliza. Methali ikatimia. Halikuwapo, likaja.

Baada ya maafa hayo, shirika moja la Canada liitwalo Sentinel Project lilifika katika delta, na kufikia mwaka 2014 lilikuwa likiendesha mradi uliopewa jina la Kiswahili kitupu: Una Hakika. Jina lenyewe ni swali. Aliyesikia jambo la kutisha aliweza kutuma ujumbe mfupi kwa simu yake au kumwambia mtu wa kujitolea aliyekuwa kijijini mwake. Wahusika wakaulizia kwa watu wa mahali palipotajwa, kisha wakawarudishia wenye hofu habari iliyothibitishwa. Mara nyingine jambo lilikuwa kweli, mara nyingine halikuwa na mguu wala kichwa.

Kwangu mimi, maarifa ya mradi huo hayakuwa kwenye simu. Simu ndiyo iliyobeba uvumi pia, tena kwa kasi kuliko mdomo. Maarifa yalikuwa kumpa mtu mwenye hofu mahali pa kuuliza bila kuonekana mjinga au msaliti. Kijijini usiku wa hofu, anayeuliza "nani aliyeona?" huonekana anawatetea maadui. Katika makundi yetu ya WhatsApp ya ukoo ni hivyo hivyo. Jaribu kumwuliza shangazi ametoa wapi ile habari ya dawa ya kisukari aliyowatumia watu sitini, uone utakavyoambiwa kwamba siku hizi huna adabu.

MAJI YANAKUJA

Lipo jambo la mwisho ambalo watu wa Garsen wanalijua kuliko sisi, nalo ni onyo linalotoka mbali. Mvua ikinyesha sana huko nyanda za juu, mabwawa hujaa, kuanzia Masinga hadi Kiambere, na kampuni ya KenGen hutoa ilani kwamba maji yanamwagika na wakazi wa chini wahame. Yalifurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, yakafurika 2018, tena 2023 na 2024.

Ilani hiyo ni ujumbe mmoja, lakini humfikia nani? Mfugaji huyasikia maji na kufikiria majani yatakayoota baadaye. Mkulima huyasikia na moyo ukagawanyika, maana mafuriko yale yale yanayoweza kubeba nyumba yake ndiyo yanayolirutubisha shamba lake. Tangu enzi za babu zake wamepanda maji yanaporudi. Mama mwenye kichanga na mkwe mgonjwa anawaza mtumbwi utatoka wapi. Afisa aliyesoma ilani redioni anaamini amewasiliana nao wote, na wasipohama atasema watu wa Tana ni wakaidi.

Sidhani ni wakaidi. Mtu aliyezaliwa ukingoni ana maswali yake, nayo ni ya maana: maji kiasi gani? Yatafika hapa lini? Yatapita lile gogo yalipoishia mara iliyopita, au yatakomea hapo? Tukihama, tunahamia kwenye ardhi ya nani, na wenyewe wameambiwa tunakuja?