Unyevu Utokao Chini: Kuchagua Utando wa Kuzuia Maji katika Sakafu ya Ghala

Watu wengi hudhani ya kuwa sakafu ya saruji haipitishi maji. Sivyo. Zege limejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Hata sakafu iliyolainishwa mpaka ikang'aa hupitisha mvuke. Magunia yakilazwa juu yake, mvuke ule hauna pa kutokea, nayo magunia ya chini hulowa kidogo kidogo, mwenye mali asijue neno mpaka siku ya kuyafungua.

Hasara yake si ya fedha tu. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu za namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004, katika upande wa mashariki wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliona ya kuwa waliougua walikuwa wamezidi jirani zao wazima katika kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Kwa hiyo sakafu njema haitayaponya mahindi yaliyoingizwa mabichi. Sharti yakauke kwanza, unyevu usizidi sehemu 13.5 katika 100. Asiye na kipimo na atie mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha aitikise. Chumvi ikigandamana na kioo, arudishe mahindi juani.

Sasa tuitazame sakafu. Kabla hujanunua kitu, ipime. Twaa kipande cha nailoni safi, futi moja na nusu kila upande, ukibandike sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, hewa isipenye. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini, au sakafu imegeuka nyeusi mahali pale, unyevu watoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, kosa ni la hewa ya ghala, wala utando hautakufaa kitu. Fungua madirisha na kuziba paa linalovuja.

Kwa ghala jipya, nachagua karatasi nene ya nailoni itandazwayo chini ya zege. Ulizia geji 1000, yaani unene wa robo ya milimita. Ile nyembamba ya kufunikia vitu sokoni ni rahisi, lakini kokoto moja yatosha kuitoboa, na tundu likiisha kufunikwa na zege halizibiki tena. Kwanza shindilia kifusi, umwage mchanga laini inchi 2, ndipo utandaze. Karatasi zikutanapo zipandane futi moja, na pembezoni ipandishwe ukutani kupita usawa wa sakafu. Mafundi wengi huikata pale pale pembeni ili kuokoa senti chache, na hapo ndipo maji yapatapo mlango. Wanaomwaga zege wasiikanyage kwa viatu vyenye misumari.

Sakafu ya zamani haiwezi kuinuliwa ili kutiwa nailoni chini. Hiyo hupakwa lami ya maji, isiyohitaji moto, mara mbili. Mpako wa pili ukate njia ya ule wa kwanza, baada ya huo kukauka. Juu yake mwaga saruji na mchanga inchi 2, maana lami iliyo wazi huchubuliwa na magunia na kuambukiza nafaka harufu. Oili chafu ya magari, ambayo wengine huimwaga sakafuni, ni sumu, isitumike kabisa. Unga wa kuzuia maji uchanganywao na saruji husaidia, lakini ufa mmoja huvunja kazi yake. Nisingeutegemea peke yake. Vigae navyo ni kitu cha kupendeza macho tu, kwani unyevu hupita katika viungo vyake.

Ghala la nguzo lenye sakafu ya mbao au plaiwudi halina haja ya utando. Dawa yake ni upepo upitao chini. Ukiifunika plaiwudi kwa nailoni, unyevu hufungwa ndani na mbao huoza.

Asiyeweza gharama hizi na aweke magunia juu ya chaga za mbao, inchi 6 kutoka sakafuni na futi 2 kutoka ukutani.

Zege jipya lenyewe lina maji mengi. Liache wiki 4 kwa uchache, kisha urudie kile kipimo cha nailoni. Ukikuta pakavu, ingiza magunia.